UZI: Mwaka mzima wa kuharibu picha kwa makusudi. Nilichojaribu kwenye picha, mikanda ya filamu na kazi za mikono (ni mrefu, kaa kitako)

#1 kivuli_mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimekua nauahirisha weee, leo nimepata utulivu acha niushushe, asiyependa kusoma apite tu kimya kimya sitamfuata.

Iko hivi. Napiga picha miaka kama 10 sasa, kamera ya dijitali na simu, na kuna siku nikawa nahamisha mafaili kwenye diski nikakuta nina picha zaidi ya 14,000. Nikaanza kuzipitia. Nzuri zipo, sikatai, ila hakuna hata moja ambayo ukiniuliza "hii uliifanyaje" nina cha kujibu zaidi ya kwamba nilibonyeza. Ikaniuma aisee. Nikaamua mwaka mzima natengeneza picha kwa njia nisizozijua, chochote kinachoshika mwanga au rangi twende nacho. Sharti nikajiwekea moja tu, kila jaribio nabadilisha kitu kimoja, na naandika kwenye daftari palepale kabla sijasahau. Hilo daftari sasa hivi lina madoa mengi kuliko maandishi lakini ndo limeniokoa, mtaona.

Nikaanza na sayanotaipu, zile picha za buluu. Ni mambo ya zamani, aliyegundua ni John Herschel mwaka 1842, mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kutoa kitabu chake cha mwani wa baharini kwa njia hiyohiyo, analaza mmea wenyewe juu ya karatasi anaweka juani, kamera haipo kabisa. Dawa ni mbili. Ya kwanza ferik amoniamu sitreti gramu 25 kwenye maji mililita 100, ya pili potasiamu ferisayanidi gramu 10 kwenye mililita 100, kila moja chupa yake nyeusi, siku ya kazi ndo unazichanganya sawa kwa sawa na kupaka kwa brashi kwenye mwanga hafifu. Ikikauka gizani unaweka jani au lesi au negativu (picha iliyogeuzwa, peusi pamekua peupe) uliyoiprinti kwenye plastiki, unagandamiza na kioo, unatoka nje juani.

Za kwanza tano zote zilikwenda na maji. Yaani nazitazama juani zimeiva buluu tamu kabisa, nazitoa, naziosha, buluu yote inateremka kwenye beseni inabaki karatasi yenye rangi ya huzuni. Kumbe nilikua nazitoa mapema. Buluu ile ya juani si ya kuamini, unatakiwa usubiri mpaka sehemu zilizopigwa jua zaidi zipite ule ubuluu zianze kuwa kijivu kama shaba iliyochakaa, unaona kabisa kama picha imeungua, hapo sasa ndo imeiva. Ukiosha kijivu kinaondoka na picha inabaki.

Sawa, nikapata sita nzuri. Kichwa kikavimba, nikaamua kubadili karatasi niweke ile nene nyeupe ya kazi za maana, ya kudumu miaka na miaka. Wakuu, karatasi ilinisaliti. Dawa inabadilika rangi hata kabla ya jua, picha inatoka imefubaa ina mabaka ya njano. Wiki mbili nalaumu dawa, nalaumu maji, nikanunua dawa nyingine. Daftari ndo likaniambia, kwa sababu dawa ileile, jua lilelile, saa zilezile, kilichobadilika ni karatasi tu. Nikaanza kusoma habari za karatasi. Kumbe hizi za kudumu huwa zinawekwa chokaa ndani ili zisiliwe na asidi, na buluu hii haipatani na kitu chochote cha upande wa chokaa, magadi na sabuni. Nikachukua shiti moja nikailoweka kwenye maji yenye asidi ya sitriki, ikaanza kutoa vipovu vidogovidogo juu yake kama soda iliyofunguliwa, nikaiacha mpaka vipovu vikaisha, nikaisuuza, nikaikausha, nikapaka. Ikatoka buluu moja hiyo ya kina cha bahari, nikaitazama dakika kumi nzima.

Na utamu wenyewe uko hapa. Nilipojua kwamba magadi yanaua buluu, nikachukua soda ya kufulia kidogo kwenye maji, brashi nyembamba, nikaanza kuchora juu ya picha iliyokwisha kamilika. Kila ninapopitisha brashi buluu inayeyuka inakua njano. Halafu nikaitia picha nzima kwenye chai nzito ya rangi, pale palipokua njano pakashika kahawia. Sasa nina mti wa buluu wenye mizizi ya kahawia na hakuna apu iliyohusika. Lile lililoniharibia wiki mbili ndo leo brashi yangu.

Nitaendelea, kuna kahawa, kuna makopo, kuna mengi. Karibuni.

#2 sijashawishika

Mkuu nimesoma yote na nakuheshimu ila swali la kizushi, hio rangi ya buluu na kahawia si kuna filta ya sekunde tatu kwenye simu? Wiki mbili unapambana na chokaa kweli?

#3 kivuli_mrefu

Hahaha nilijua utakuja. Filta ipo na nimeitumia. Ila filta inanipa nilichoagiza. Mimi sikuwahi kuagiza mizizi ya kahawia, sikujua hata kama kitu hicho kipo mpaka karatasi iliponikatalia. Hilo tu. Halafu nikiri kitu, kuna majaribio mengi kwenye lile daftari ambayo ni takataka na filta ingefanya vizuri zaidi, siwezi kudanganya.

#4 mgeni_wa_jana

Mkuu kwa sisi ambao hatuna hizo dawa zenye majina marefu tunaanzia wapi? Naogopa kemikali kusema ukweli.

#5 kivuli_mrefu

Mgeni karibu sana. Anza na karatasi ya picha ya zamani, ile ya weusi na weupe ya kuprintia studio, hata iliyopitwa na muda, tena iliyopitwa na muda ndo tamu. Hii njia inaitwa lumeni. Unaitoa kwenye bahasha, unaweka jani bichi juu, kioo, unaiacha juani nusu saa mpaka siku nzima. Husafishi na dawa yoyote. Karatasi ya weusi na weupe lakini inatoa pinki, zambarau, njano ya udongo, inategemea karatasi na unyevu. Jani likiwa na maji jasho lake linaingia kwenye karatasi na kuacha alama zake. Nina moja ya jani la mpapai ambapo mishipa yote imetoka, na pembeni kuna doa la machungwa pale lilipokua linaoza kwa joto chini ya kioo.

Tatizo ni moja. Ukitaka idumu lazima upitishe kwenye fiksa, ile dawa ya kuizuia isiendelee kubadilika kwa mwanga, na fiksa inakula rangi, ile zambarau inabaki kahawia. Usipopitisha, kila ukiitazama kwenye mwanga inazidi kuiva mpaka inafutika. Kwa hiyo mimi kabla ya fiksa naiskani haraka au naipiga picha, basi. Nyingine nimeziacha bila fiksa kwenye bahasha nyeusi, nazifungua mara chache nazichungulia kama mtu mwenye hela ya siri.

Hata hiyo karatasi ukiikosa, saga majani yoyote yenye rangi kali au manjano, chuja, paka kwenye karatasi ya kawaida, weka jani juu au picha ya kawaida isiyogeuzwa uliyoiprinti kwenye plastiki, peleka juani. Jua linafifisha rangi pale linapogusa, kivulini inabaki. Ila uvumilivu, siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, na haina dawa ya kuizuia isiendelee kufifia. Herschel huyohuyo alishughulika nayo hii pia.

Halafu kuna kopo. Kopo la kinywaji, toboa tundu dogo kwa ncha ya sindano, kunja karatasi ya picha ndani gizani, ziba mdomo wa kopo na gundi ya nailoni, lifunge kwenye nguzo likitazama upande jua linapopita. Acha miezi. Kila siku jua linachora mstari wake, mawingu yanaukata, mwisho wa miezi sita una matao yamepandana kama mbavu. Kuna moja Uingereza, kwenye kituo cha kutazama nyota cha Chuo Kikuu cha Hertfordshire, mwanafunzi wa sanaa Regina Valkenborgh aliliweka mwaka 2012 akasahau, likaja kuokotwa 2020. Miaka 8 na mwezi. Jua limepita mara 2,953 kwenye karatasi moja. Yeye alidhani majaribio yake pale yameharibika.

#6 mkanda16

Nimeona neno filamu kwenye kichwa cha uzi halafu mtu anaongea majani tu, ngoja niingie.

Mimi nachora kwenye mkanda wa milimita 16 moja kwa moja. Kamera siigusi. Hii nayo ina wazee wake, Len Lye alitoa A Colour Box mwaka 1935 kwa kupaka rangi juu ya mkanda, Norman McLaren akafuata hadi sauti akawa anaichora, Stan Brakhage mwaka 1963 akabandika mbawa za nondo na majani kati ya plastiki mbili za gundi, inaitwa Mothlight.

Sasa hesabu inayowaua wengi ni hii. Sekunde moja ni fremu 24, yaani vipicha 24 vinavyofuatana, na fremu 24 za milimita 16 ni kama sentimita 18 hivi za mkanda. Kazi yangu ya kwanza ilikua sekunde 40. Ni fremu 960, mita saba na kidogo. Nilikaa mwezi mzima na kioo cha kukuza, kila fremu nimechora kidege chake, kidege hiki mbawa juu, kile mbawa chini, natumia kalamu nyembamba mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya kurusha ukutani tumekaa watu wanne, taa zimezimwa, projekta inalia trrrrrr, mbele yetu unaonekana kama uji unatetemeka. Hakuna ndege. Mmoja akaniuliza imeanza?

Mstari wangu mdogo ukikuzwa ukutani unene wake unatofautiana kila fremu, na ndege naye hakai sehemu ileile, kwa hiyo jicho halishiki. Ikabidi nijifunze kuacha kufikiria fremu. Sasa hivi nachukua mkanda wa rangi uliokwisha prentiwa mweusi mtupu, sindano mkononi, navuta mkwaruzo mmoja mrefu wa nusu mita unaoyumba kidogo. Huo ukutani unacheza kama nyoka, na wala sijaumiza shingo. Mkanda huo una tabaka, ukikwaruza kwa juujuu unapata kijani, ukikaza mkono njano, ukizama mpaka plastiki unapata mweupe mtupu. Kwa hiyo mkono wako ukikaza na kulegea ndo rangi zenyewe. Niliugundua kwa sababu sindano ilikua butu.

Na pembeni ya mkanda kuna njia ya sauti. Ikwaruze nayo, projekta inasoma mwanga inatoa sauti. Vistari vikikaribiana sauti inapanda, vikiachana inashuka. Ila sauti kwenye milimita 16 inatangulia picha yake kwa fremu 26, mimi sikujua, mlipuko wangu ukawa unalia sekunde moja na kidogo baada ya kuonekana. Nikauacha hivyohivyo. Ulikua unachekesha.

#7 kivuli_mrefu

mkanda16 wewe ndo nilikua nakusubiri. Hapo kwenye sindano butu ndo hoja yangu ya uzi mzima. Lakini umesema uligundua, je uliandika?

#8 mkanda16

Sikuandika kitu mkuu, nilinunua sindano butu nyingine nne.

#9 kivuli_mrefu

Dah. Sawa.

Tuendelee na kahawa. Mkanda wa weusi na weupe unaweza kuusafisha kwa kahawa ya unga ile ya kuyeyuka kwenye maji, soda ya kufulia na vitamini C. Wala si uchawi, darasa moja la Chuo cha Teknolojia cha Rochester kule Marekani lililifanya mwaka 1995. Watu wanadhani kazi inafanywa na kafeini, hapana, kuna asidi ndani ya kahawa inaitwa kafeiki na ndo inayogeuza chumvi ya fedha iliyoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Soda ipo ili kufanya maji yawe makali upande wa magadi, bila hivyo ile asidi imelala tu. Vitamini C inaisukuma. Vipimo ninavyotumia kwa lita moja ni soda gramu 54 iliyokauka kabisa, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, nyuzi 20, dakika 15. Halafu fiksa kama kawaida, hiyo msiiruke.

Harufu... sitaki kuizungumzia. Mwenzangu nyumbani aliniuliza kama kuna kitu kimefia sinki.

Mkanda wa kwanza ukatoka mzuri mno, una umanjano fulani kwa sababu kahawa inaupaka rangi. Wa pili ukatoka mtupu. Fremu 36 za safari ya siku mbili, plastiki angavu unaona mpaka upande wa pili. Nikafungua daftari, kila kitu kipo sawa, gramu zilezile. Nikachukua ile paketi ya soda nikaisoma vizuri, ilikua ya kuumulia unga, siyo ya kufulia. Ukiziweka kwenye sahani mbili huwezi kuzitofautisha, ila ya kuumulia ni dhaifu mno, haifikishi ukali unaotakiwa. Tangu siku hiyo siingizi mkanda kabla ya kufanya hivi, nakata kipande cha ncha ya mkanda, ile ulimi unaochomoza nje, nakitumbukiza kwenye dawa palepale kwenye mwanga. Dakika chache kinatakiwa kiwe cheusi kama masizi. Kisipogeuka, dawa imwage, mkanda wako uko salama.

#10 Bi_Mchongo

Nimekua nawasoma tu nikicheka. Vijana mna shida na hilo daftari.

Mimi ni mtu wa kuchonga, naprinti kwa lino, ile shiti laini unayoichonga kama kibao, unaipaka wino na kugandamiza karatasi juu. Kuna njia ya kibao kimoja, unachonga kidogo, unaprinti rangi nyepesi nakala zote, unarudi kuchonga kibao kilekile, unaprinti rangi inayofuata juu yake, unaendelea hivyo mpaka kibao kinaisha. Ukishachonga umechonga. Huwezi kurudi kuongeza nakala, kama mwanzo ulikata karatasi 15 basi ni 15, na zile utakazoharibu njiani zimeharibika. Hakuna daftari linalokusaidia hapo, ni mkono na roho.

Mwaka fulani niliharibu nakala 11 kati ya 15. Karatasi zilisogea kati ya rangi ya pili na ya tatu, yule mwanamke niliyemchonga akawa na pua mbili. Nililia, sioni aibu kusema. Zikakaa chini ya kitanda miezi. Siku moja nikazichukua zote, mkasi, nikazikata vipande vyembamba vya upana wa kidole, nikaanza kuzisuka kama mkeka, moja juu moja chini. Sura ikarudi lakini imevunjikavunjika, jicho linaonekana mara nne, na zile pua mbili sasa hazionekani kama kosa, zinaonekana kama mtu anayegeuka. Ndo kazi yangu bora mpaka leo na sikuipanga, na ningekua naandika "kosa la 3, karatasi ilisogea milimita 4" nisingeifanya, ningerekebisha usogezaji nikaenda zangu.

#11 kivuli_mrefu

Bibie shikamoo kwanza. Swali kwa heshima, ulijuaje ukate vipande vya upana wa kidole na si mara mbili ya hapo?

#12 Bi_Mchongo

Marahaba. Nilijaribu vipana kwanza kwenye nakala mbaya zaidi, sura ikapotea.

#13 kivuli_mrefu

Hahaha basi mama ulibadilisha kitu kimoja ukatazama. Daftari unalo, liko vidoleni.

#14 Bi_Mchongo

Usinibandike daftari lako mwanangu. Wewe ulitaka kujua kwa nini karatasi ilikukatalia, mimi sikutaka kujua kwa nini zilisogea. Mpaka leo sijui na sitaki kujua. Tofauti ipo, usiifunike.

#15 mpenda_giza

Bi Mchongo kamaliza, ila naongeza wawili wa kumchanganya mwanzisha uzi.

Pierre Cordier wa Ubelgiji, tarehe 10 Novemba 1956, alitaka kumwandikia binti mmoja aitwaye Erika ujumbe kwenye karatasi ya picha akatumia rangi ya kucha. Rangi ya kucha ikawa inazuia dawa kupita, dawa inaingia taratibu pembeni, na hapo ikazaliwa kemigramu, akaifanya kazi maisha yake yote. Mimi hii naifanya sana, taa imewashwa kabisa, karatasi ya picha, unapaka rangi ya kucha au sirapu au mafuta, unaitumbukiza mara kwenye dawa ya kusafishia mara kwenye fiksa, huku na huku. Dawa ikigusa panakua peusi, fiksa ikitangulia panabaki peupe, na kila kizuizi kinavyobanduka kingo zinaacha mistari kama pete za mti. Sirapu inaisha ndani ya dakika, rangi ya kucha inang'ang'ania. Huyu bwana aliandika, alipima, alirudia, daftari la kufa mtu.

Wa pili mpiga picha Lee Miller, yuko chumba cha giza na mpiga picha mwenzake Man Ray mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa simulizi yake mwenyewe kitu, huenda panya, kikampitia mguuni akapiga kelele akawasha taa, negativu ziko kwenye dawa. Mwanga ukazipiga katikati ya kusafishwa, zikatoka nusu zimegeuka, na mstari mweusi umezunguka mwili kama umechorwa kwa kalamu. Jambo lenyewe lilishaandikwa na watu wa kemia karne ya 19 huko, ila hawa wawili ndo walilifuga wakalifanya mtindo. Panya hakuandika kitu.

Sasa la maana kuliko hayo yote, na nawaomba mgeni_wa_jana na wengine mlisome. Glavu. Dirisha wazi. Chombo kikishaingia dawa hakirudi jikoni, hata kijiko. Ferisayanidi ya sayanotaipu ni tulivu ukiitumia ilivyo lakini usiikutanishe na asidi kali wala usiichemshe nayo, gesi inayotoka inaua. Siki kidogo au sitriki nyepesi kwenye maji ya kuoshea si tatizo. Na mkisikia njia ya gamu inayotumia daikromati, zile chumvi za machungwa, hizo zinasababisha saratani, achaneni nazo mpaka muwe na mtu wa kuwaelekeza ana kwa ana.

#16 sijashawishika

Narudi. Nimekua nawaza tangu jana. Nadhani mnachanganya mambo mawili, kemikali na kubanwa. Mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, alifungua studio Bamako 1948, watu wanasema kwa kawaida alikua anapiga picha moja tu kwa mteja, maana kila shiti ya filamu ni gharama. Hakua anachezea dawa wala kuloweka karatasi. Nyuma anatundika kitambaa, mwanzoni ni shuka lake la kitandani, na kwa kuwa kila baada ya muda alibadilisha kitambaa, baadaye alitumia vitambaa hivyo kukumbuka picha ni ya miaka gani. Moja tu, na zinakutazama mpaka leo. Kwa hiyo mtu anaweza kujaribu mchakato kwa kujibana tu hata na simu.

Na nimejaribu kweli, wiki hii siku saba picha moja kwa siku, sipigi ya pili hata ikitoka mbaya. Siku ya nne nilisimama mbele ya mlango wa jirani dakika 20 nasubiri kivuli cha kamba ya nguo kifike kwenye kitasa. Mimi! Dakika 20!

Jana nikaongeza ujinga mwingine, nikakata karatasi nyeusi nikatengeneza paka wa vipande, nikaanza kumsogeza kidogokidogo juu ya kioo chenye taa chini, picha 12 kwa sekunde. Lotte Reiniger alifanya filamu nzima ya namna hii, ilitoka 1926, miaka mitatu anakata karatasi. Mimi sekunde 10, picha 120, mgongo umekwisha. Lakini nikiicheza mwanga unapepesapepesa, mara mkali mara hafifu, paka anaonekana kama yuko kwenye mvua ya radi. Shida nini?

#17 kivuli_mrefu

Karibu upande wetu mzee, umeshawishika bila kujijua.

Hiyo ni simu inajiamulia yenyewe. Kila picha inapima mwanga upya na rangi upya, paka akisogea na weusi wake inadhani giza limeingia inaongeza. Tafuta apu ya kamera inayokuruhusu kufunga mwanga, rangi na fokasi, ufunge vyote vitatu kabla ya picha ya kwanza. Pazia funga, wingu likipita nje linaingia kwenye filamu yako. Na vaa nguo nyeusi, shati jeupe linarudisha mwanga kila ukiinama. Hilo la shati lilinigharimu jioni nzima, nimeliandika kwa wino mwekundu.

Na hoja yako ya kubanwa naikubali. Lile sharti langu la kubadilisha kitu kimoja nalo ni kamba tu ya kujifunga, sikuwahi kuliona hivyo.

#18 sijashawishika

Nguo nilivaa nyeupe. Dah.

Ila mkuu ile radi nimeanza kuipenda. Nikiirekebisha sijui kama ntaipata tena.

#19 Bi_Mchongo

Usirekebishe.

#20 kivuli_mrefu

Rekebisha kwenye nakala nyingine, hii iweke. Halafu vaa tena shati jeupe makusudi uinuke na kuinama kwa mahesabu, uone kama radi itakuja unapoiita.

#21 mgeni_wa_jana

Wakuu mimi nimefanya lumeni leo kwa karatasi ya zamani ya mjomba wangu, jani na unyoya wa kuku. Imetoka zambarau! Unyoya umetoka mpaka vinyweleo. Ila nimesahau kuiskani nimeitia kwenye fiksa moja kwa moja, imebaki rangi ya udongo. Nimetamani kulia kidogo. Kesho narudia. Na lile kopo nimelifunga juu kwenye nguzo ya antena, limeelekea jua linakotua, sawa?

#22 kivuli_mrefu

Hongera sana. Likitazama machweo utapata mistari inayoteremka ya jioni tu, ukitaka tao zima ligeuze lielekee upande jua linapokua katikati ya mchana. Ila hata hiyo ya machweo iache kama unataka, mimi sina.

#23 mgeni_wa_jana

Naliacha. Sasa mvua ikinyesha ndani?

#24 mpenda_giza

Toboa kitundu kingine kidogo chini kabisa maji yatoke, kizibe kwa nje na kipande cha sponji nyeusi mwanga usiingie. Yakiingia kidogo yanaacha ukungu na madoa kwenye karatasi. Usilifungue kuchungulia.

#25 mgeni_wa_jana

Nimeshalifungua.